Maneno Mafupi ya Q, X na V: Jinsi Yanavyosomwa Mandera

Herufi Q katika Kiingereza ni kama mzee asiyeweza kutoka nje bila mjukuu wa kumshika mkono. Karibu kila mahali ionekanapo, U huifuata. Liko neno "quit", maana yake kuacha. Liko "quiz", yaani maswali ya kujaribu akili. Liko "quay", gati la kufungia meli. Na wako ndugu wawili wawachanganyao hata watu wazima, "quiet" na "quite", ambao herufi zao ni tano zile zile, ila zimepangwa kwa namna mbalimbali. La kwanza ni kimya, la pili ni kabisa. Walimu wa Kiingereza huifundisha mapema kanuni hii ya Q na U, nayo ni kanuni nzuri.

Lakini katika darasa la Mandera kanuni hiyo hupata mashaka siku ile ile inapotajwa. Mtoto aitwaye Qasim hutazama jalada la daftari lake, akaona Q yake imefuatana na A, wala hakuna U karibu. Je, jina lake limekosewa? La, halikukosewa. Wala mwalimu hakusema uongo. Jambo lenyewe ni kwamba herufi za Kirumi hutumikia mabwana wengi, na Mandera ni mahali ambapo mabwana hao hukutana katika daftari moja.

Msomaji asiyefika huko atazame ramani ya Kenya. Kaunti ya Mandera iko pembeni kabisa, kaskazini mashariki, mahali nchi tatu zinapogusana. Mto Daua unaitenga na Ethiopia, na mji wa Beled Hawo wa Somalia uko jirani kiasi cha kuendewa kwa miguu. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 na ile iliyofuata zilibishaniwa sana katika sehemu hizo, lakini ile ya 2019 ilitaja watu 867,457. Wengi wao husema Kisomali, kwa lahaja zaidi ya moja. Upande wa Takaba na Banissa, Wagarre wengi husema Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo. Watoto husoma Kiarabu katika chuo cha Qurani, ambacho Wasomali hukiita dugsi. Kisha shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza. Hizo ni lugha tano, na nne kati yake zaandikwa kwa herufi za Kirumi. Bahati mbaya, au bahati njema, hizo nne hazikuafikiana juu ya sauti za herufi hizo.

Q ISIYO NA U

Turudi kwa Qasim. Kamusi kubwa za Kiingereza zina maneno machache ambayo ndani yake Q hutembea peke yake. Wachezaji wa Scrabble huyajua kwa moyo. Mchezo huo, uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, una vibao 100, na kimoja tu kati yake kina Q. Thamani yake ni alama 10, sawa na Z. Basi mchezaji aliyepewa Q bila U hutafuta kila njia ya kuitumia. Njia zenyewe ni hizi: "qi", neno la Kichina la nguvu ya uhai, "qat", "suq", "qadi", "waqf", "faqir", "talaq", "niqab".

Mchezaji wa London huyakariri maneno hayo kama mtu akaririye namba za simu, bila kujali sana maana yake. Mtoto wa Mandera hana haja ya kukariri. "Qat" ni miraa, ambayo kwa Kisomali yaitwa qaad, na ambayo huletwa Mandera kutoka Meru. "Suq" ni soko, kwa Kisomali suuq. "Qadi" ni kadhi, ambaye mahakama yake imetajwa katika Katiba ya Kenya ya 2010. "Waqf" ni wakfu, "faqir" ni fukara, "talaq" ni talaka, na niqabu huvaliwa na wanawake wengi wa mji wake. Ukiondoa lile la Kichina, yote hayo yametoka katika Kiarabu. Basi maneno ambayo kwa Mwingereza ni magumu na ya ajabu, kwake ni maneno ya sokoni na ya nyumbani. Mwalimu atakayeanza somo la Q kwa maneno haya, kabla ya kufika kwenye "queen" na "quick", atakuta darasa zima limenyosha mikono.

Inafaa pia aelezwe kwamba Q ya Kiingereza na qaf ya Kiarabu ni za ukoo mmoja. Zote mbili zilitokana na herufi qof ya Wafinike wa kale. Moja ikapitia kwa Wagiriki na Warumi, nyingine ikashuka kwa Waarabu. Waingereza waliirithi herufi wakapoteza sauti. Wasomali wana sauti yenyewe, K nzito itokayo ndani kabisa ya koo, na maneno yao mengi mafupi huanza nayo: qof ni mtu, na qor ni andika.

X YENYE SAUTI TATU

X ni kisa kirefu zaidi. Katika Kiingereza ni herufi ya mwisho wa maneno mafupi: "box" sanduku, "fox" mbweha, "six" sita, "fix" tengeneza, "mix" changanya, "wax" nta, "tax" kodi, "ox" maksai. Husomwa kama K na S zilizoshikamana. Mwanzoni mwa neno ni nadra kuiona, na ikiwapo Mwingereza huisoma kama Z.

Katika Kisomali, X haina habari na K wala S. Ni ile H nzito ya koo ambayo Waarabu huitamka katikati ya jina la Muhammad. Kwa hiyo lix ya Kisomali husomwa karibu na "lih", na maana yake ni sita. Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyo: "six" na lix, lugha mbili zisizo na udugu, maana moja, irabu moja, X moja mwishoni, na sauti ya X hiyo hailingani hata kidogo. Mtoto akisoma "six" kwa ulimi wa nyumbani hutoa "sih", na akisoma lix kwa ulimi wa shule hutoa "liks". Kosa hilo si la ujinga. Ni la kuchukua ufunguo wa mlango mmoja na kuutia katika mlango wa pili.

Na kwa mtoto wa Kiborana kuna ufunguo wa tatu. Waoromo wa Ethiopia walipoanza rasmi mwaka 1991 kuandika lugha yao kwa herufi za Kirumi, mwandiko uitwao Qubee, waliipa X kazi nyingine kabisa: ni T iliyokazwa, itokayo kwa kishindo kama kizibo cha chupa. Neno lao xiqqoo, maana yake dogo, lina X hiyo mwanzoni.

Yumkini msomaji atauliza kwa nini Wasomali hawakutumia H yenye nukta au alama juu yake. Sababu ni ya kiwanda zaidi kuliko ya elimu. Mabishano juu ya mwandiko wa Kisomali yalidumu miaka mingi. Walikuwako waliotaka herufi za Kiarabu. Walikuwako waliotaka Osmanya, mwandiko uliobuniwa na Osman Yusuf Kenadid. Na walikuwako waliotaka za Kirumi. Mwalimu Shire Jama Ahmed alipendekeza herufi za Kirumi zisizo na nukta wala alama ya ziada, ili mashine yoyote ya kawaida ya taipu itoshe. Kwa kuwa X na C hazikuwa na kazi ya lazima katika Kisomali, alizipa kazi: X ikawa ile H nzito, na C ikawa ayn, sauti ya kooni ambayo kila asomaye Qurani huijua. Serikali ya Mohamed Siad Barre ilitangaza mwandiko huo tarehe 21 Oktoba 1972. Mwaka 1974 shule zilifungwa na wanafunzi wakatumwa mashambani na machungani kuwafundisha watu kusoma. Mpaka wa Mandera haukuwa ukuta wa kuzuia herufi, nazo zikavuka.

Sisi wasema Kiswahili hatuna X, wala Q, wala C iliyo peke yake bila H. Tulikuwa na sauti hizo katika maandishi ya zamani ya pwani yaliyotumia herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kirumi zilipochukua mahali pake, hazikupewa alama. Kwa hiyo maneno yale yale tuliyoyapata wote kutoka kwa Waarabu yamevaa nguo mbili. Sisi twaandika haki, wao xaq. Sisi akili, wao caqli. Sisi elimu, wao cilmi. Sisi hesabu, wao xisaab. Sisi adui, wao cadow. Sisi kalamu, wao qalin. Mwalimu wa Kiswahili aliyetoka Kakamega au Machakos, akiyaandika maneno haya ubaoni jozi kwa jozi, ataokoa mafunzo ya majuma mengi, kwa maana mtoto atagundua kwamba Kiswahili anachokiogopa amekwisha kuwa nacho nusu.

MANENO YANAYOFANANA SURA

Sasa tufike kwenye mchezo ambao vijana wa Mandera wanaweza kuucheza bila vibao. Chukua maneno mafupi ya Kiingereza, uyasome kama Kisomali. Herufi hazibadiliki hata moja, ila maana hukimbia.

"Run" kwa Kiingereza ni kimbia. Run kwa Kisomali ni kweli. "Been" kwa Kiingereza ni umbo la kitenzi cha kuwa. Been kwa Kisomali ni uongo. "Sun" ni jua kwa Mwingereza, na kwa Msomali ni sumu. "Dad" ni baba. Dad ni watu. "Bad" ni mbaya. Bad ni bahari. "Far" ni mbali. Far ni kidole, na pia ni mwandiko, jambo linalopendeza kwa kuwa kidole ndicho kiandikacho. "Afar", mbali sana kwa lugha ya washairi wa Kiingereza, ni nne tu kwa Msomali ahesabuye mbuzi wake. "Fool" ni mpumbavu. Fool ni paji la uso. "Cab" ni teksi. Cab ni kunywa. "Cod" ni samaki wa bahari za baridi. Cod ni sauti. "Wax" ni nta. Wax ni kitu. "Lax" ni mlegevu. Lax ni kondoo jike. Na "tax", kodi inayomkunjisha mtu uso, kwa Kisomali ni kutunga shanga katika uzi.

Mtu wa bara asiyejua Kisomali anaweza kudhani kwamba orodha hii ni ya kuchekesha tu. Ndiyo, yachekesha. Lakini angalia irabu. Katika Kisomali A ni A kama yetu, U ni U kama yetu, na irabu iliyorudiwa huvutwa tu, kama tunavyovuta sisi katika kaa na kuu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kusoma run, sun, dad na bad za Kisomali leo hii bila kufundishwa, na atakosea kidogo sana. Mgeni hapa ni Kiingereza, ambacho huandika U na kusema kitu kinachokaribia A katika "run" na "sun". Kwa maoni yetu, mtoto wa Mandera afundishwe kusoma kwa Kisomali au Kiborana na Kiswahili kwanza, lugha ambazo husomwa kama zilivyoandikwa, ndipo aingizwe katika Kiingereza ambacho kimejaa mitego. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, waruhusu lugha ya mahali itumike kufundishia watoto wadogo. Kuruhusiwa ni jambo moja, na kuwa na vitabu na walimu ni jingine, hasa mahali ambapo walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine waliondoka baada ya watu 28 kuuawa katika basi lililotoka Mandera tarehe 22 Novemba 2014, walimu wakiwa miongoni mwao.

P, V NA Z

Hadi hapa tumezungumzia herufi ambazo mtoto wa Kisomali anazo na sisi hatuna. Ziko tatu alizokosa yeye. Alfabeti ya Kisomali haina P, haina V, wala haina Z. Maneno ya kigeni yanayoingia hubadilishwa mlangoni: polisi ni booliis, pasipoti ni baasaboor, viza ni fiiso, zaka ni sako, na Zainabu ni Saynab.

Matokeo yake shuleni ni dhahiri. Kwa Kiingereza, "pin" na "bin" huwa kitu kimoja, ingawa moja ni pini na nyingine ni pipa la taka. "Pay" ni kulipa na "bay" ni ghuba. "Pack" ni kufunga mizigo na "back" ni mgongo. "Pull" ni kuvuta na "bull" ni fahali. "Van" ni gari la mizigo, "fan" ni pangaboi. "Zip" ni zipu, "sip" ni kunywa kidogo kidogo. Na Kiswahili hakisamehe zaidi: pata na bata, pua na bua, vaa na faa, vuta na futa, vua na fua, zaa na saa. Mtoto aliyeandika "mama anafua samaki" hakumaanisha kwamba samaki walitiwa sabuni.

Dawa ni rahisi, na haihitaji fedha. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo, useme "pin". Karatasi itaruka. Sema "bin", itatulia. Mtoto akiisha kuona karatasi ikiruka, hasahau. Kwa V na Z, mwambie aweke vidole kooni. Akisema F au S koo liko kimya. Akisema V au Z koo hunguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Dakika tano kila asubuhi zatosha, na watoto hupenda. Ila mwalimu asimcheke mtoto, maana hata Mwingereza akiambiwa aseme caano, yaani maziwa, kwa ayn iliyo sawasawa, atakohoa.

V ina sifa moja ya pekee. Katika Scrabble ya Kiingereza hakuna hata neno moja la herufi mbili lenye V. X inayo matano: "ax", "ex", "ox", "xi" na "xu". V haina. Lazima zipatikane herufi tatu, na neno moja la herufi tatu lenye V lina uzito mkubwa katika Mandera kuliko mahali pengi. Neno lenyewe ni "vet".

"Vet" kwanza ni daktari wa mifugo. Kwa watu ambao mali yao ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, huyo ni mtu wa kuheshimiwa. Kutokana na kazi yake ya kumkagua farasi kabla hajanunuliwa, Waingereza walifanya kitenzi, "vet", maana yake kukagua mtu au jambo kwa makini kabla ya kulikubali. Na kwa maana hii ya pili neno hilo lilijulikana kaskazini mashariki hata na wazee wasiojua Kiingereza, kwa kuwa kwa miaka mingi kijana wa huko aliyeomba kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakulijua. Mwezi wa Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba ukaguzi huo wa ziada umeondolewa.

Zimebaki herufi. Jina lile lile, kwa mwandiko wa Kenya, ni Hassan. Kwa mwandiko wa Kisomali ni Xasan. Abdi ni Cabdi. Mohamed ni Maxamed. Mtu ni mmoja, baba yake ni mmoja, na sauti ni moja. Lakini mashine ya kompyuta haisikii sauti, huona herufi tu, na kwake Abdi na Cabdi ni watu wawili. Hata karani atafutaye kwa macho huanza katika A, na jina liko katika C. Ukiongeza kwamba Mohamed peke yake laandikwa kwa namna tatu au nne katika ofisi za Kenya zenyewe, utaelewa jinsi kijana anavyoweza kuwa na cheti cha kuzaliwa chenye tahajia moja, cheti cha mtihani chenye nyingine, na kitambulisho chenye ya tatu, kisha akalazimika kula kiapo mbele ya wakili na kulipia, ili athibitishe kwamba yeye ndiye yeye.

Mzazi anapoandikisha kuzaliwa kwa mtoto na achague tahajia moja, aiandike yeye mwenyewe kwa herufi kubwa juu ya kipande cha karatasi, au amwombe mtu ajuaye kuandika, ampe karani karatasi hiyo badala ya kulitaja jina kwa mdomo tu. Cheti kikitoka, akisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Karatasi ile aihifadhi, na siku ya kumwandikisha mtoto shule aende nayo. Tahajia ipi ni bora? Mwenye jina ndiye ajuaye. Xasan ni sahihi, na Hassan ni sahihi. Taabu huanza pale zinapochanganywa katika mkoba mmoja.

Hata miji ina majina mawili. Kusini mwa Mandera, juu ya mpaka wenyewe, uko mji ambao ramani za Kenya huuandika El Wak. Ceel ni kisima, na Waaq ni jina la Mungu katika lugha za kale za watu hao. Visima vya Mungu, na kwa kweli ni visima vilivyowavuta wafugaji tangu zamani. Upande wa Somalia mji huo waandikwa Ceelwaaq, kwa C yake na kwa Q yake isiyo na U, na madereva wa malori husoma majina yote mawili bila kupunguza mwendo.